Vijivu tisa na doa moja jekundu: shajara ya kunakili picha ya Romaine Brooks ya mwaka 1923

Kabla ya kuanza

Kazi ni nakala ya mazoezi ya picha ambayo Romaine Brooks alijichora mwenyewe mwaka 1923. Ya asili ni rangi za mafuta juu ya kanvasi, kimo sentimita 117.5, upana sentimita 68.3. Iko Smithsonian American Art Museum mjini Washington, na ilifika huko mwaka 1966 kama zawadi ya mchoraji mwenyewe.

Kwa asiyeijua: mwanamke amesimama, anaonekana hadi mapajani. Kichwani ana kofia nyeusi ndefu, mwilini koti jeusi na shati jeupe lenye kola iliyofunguka, mkononi glavu ya kijivu. Ukingo wa kofia unatupa kivuli juu ya macho, lakini macho hayapotei. Yanakutazama kutoka ndani ya kivuli hicho. Nyuma yake ni anga ya kijivu na majengo yaliyochakaa kama magofu. Wekundu upo mahali pawili tu: midomo, uliofifia, na utepe mdogo kwenye kola ya koti. Utepe huo ni wa Légion d'honneur, nishani ya Ufaransa aliyopewa mwaka 1920. Mwaka 1914 alikuwa amechora mwuguzi wa vita mwenye alama ya msalaba mwekundu, na picha hiyo ikatumika kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo doa lile dogo lina historia nzima nyuma yake, na ndiyo maana tumeliacha liwe la mwisho kupakwa.

Brooks alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Roma mwaka 1874 na kufariki Nice mwaka 1970. Wakati wenzake wengi wa Paris walikuwa wanalivunja umbo la mtu vipande vipande, yeye alilibakiza zima, akalibana kuwa bapa, akalizungushia nafasi tupu. Usasa wake uko katika kupunguza. Kijivu chake kina ukoo na Whistler, Mmarekani mwenzake aliyeishi London, ambaye mwaka 1871 alimchora mama yake na kuiita picha hiyo mpangilio wa kijivu na nyeusi. Lakini Brooks alikisomea kijivu kwa namna yake. Mwaka 1904 alikwenda St Ives, pwani ya Cornwall, akakodi studio ndogo, akakaa akichanganya. Wachoraji wa pale walipomwomba aonyeshe kazi zake, alichoonyesha ni vipande vya kadibodi alivyopaka majaribio ya kijivu, basi.

Shajara hii inaanzia kwenye vipande hivyo. Anayerukia uso na kofia kabla ya kuvijua vijivu vyake atamaliza na picha ya rangi ya saruji.

Siku ya 1: kipimo na kanvasi

Kanvasi ya pamba iliyokwisha kupakwa jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, sentimita 60 kwa 35. Ukubwa huu haukuchaguliwa kwa bahati. Gawanya 117.5 kwa 68.3 upate 1.720; gawanya 60 kwa 35 upate 1.714. Tofauti ni kama milimita 1 ya upana, haionekani. Kanvasi za dukani za 60 kwa 40 au 50 kwa 40 hazifai hapa: mtu ataonekana amenenepa, au utalazimika kuongeza anga pembeni, na anga ya pembeni ikiongezeka ule mbano wa mtu ndani ya fremu unakufa.

Jeso ya kiwandani ni ya kukwaruza. Imeongezewa mikono 2 ya jeso, wa kwanza brashi ikipita kwa mlalo, wa pili kwa wima, kila mmoja ukisuguliwa kwa msasa namba 220 baada ya kukauka, na wa mwisho kwa namba 400. Usisugue hadi pawe kama kioo. Rangi ya Brooks ni nyembamba na tulivu, lakini ikikosa cha kung'ang'ania itateleza na kuacha michirizi ya brashi.

Siku ya 2 na ya 3: kadi za kijivu

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko kila mtu alivyotarajia, na hatujutii hata saa moja.

Kiswahili kimekipa kijivu jina kutoka kwenye jivu, na aliyewahi kuzoa jiko anajua jivu si rangi moja. La kuni kavu ni jeupe lenye manjano kwa mbali; la mkaa linaelekea bluu; likimwagiwa maji linakuwa jeusi na kahawia kwa pamoja. Kazi ya siku hizi mbili ilikuwa kuzipanga tofauti hizo kwa mkono.

Rangi zilizowekwa kwenye paleti: nyeupe ya titani, nyeusi ya mfupa, amba mbichi (udongo wa kahawia), siena ya kuchoma (udongo wa kahawia nyekundu), oka ya njano (udongo wa manjano), bluu ya ultramarini, nyekundu ya udongo na nyekundu ya kadmiamu. Nane tu. Nyeupe ya risasi, iliyotumiwa na wachoraji kwa karne nyingi, tumeiacha kwa sababu ni sumu. Tofauti ya tabia lazima ijulikane: nyeupe ya titani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye tyubu za wachoraji, inafunika sana na ni baridi, yaani inaelekea bluu. Ukiitumia bila kujizuia, inazima kila rangi inayokutana nayo na kuipa sura ya chokaa.

Kadi ni kadibodi nene iliyopakwa jeso pande zote mbili isijikunje, ikakatwa vipande vya sentimita 5 kwa 8. Ngazi ina vipandio 9: cha 1 ni nyeusi kabisa, cha 9 ni nyeupe. Kosa la kila anayeanza ni kuongeza nyeusi kwa kiasi kilekile kila mara. Jicho halihesabu hivyo. Ukiongeza punje moja ya nyeusi kwenye nyeupe, mruko ni mkubwa. Ukiongeza punje ileile kwenye kijivu cha katikati, huoni kitu. Kwa hiyo kiasi huongezwa kwa kuzidisha mara mbili. Tulianza na sehemu 1 ya nyeusi kwa 32 za nyeupe, kisha 1 kwa 16, 1 kwa 8, 1 kwa 4, 1 kwa 2, sawa kwa sawa, halafu 2 za nyeusi kwa 1 ya nyeupe. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Nguvu ya nyeusi hutofautiana kati ya tyubu na tyubu, na kila kadi ilirekebishwa kwa jicho hadi hatua zikalingana. Siku zote tia nyeusi ndani ya nyeupe. Ukifanya kinyume utamaliza nusu tyubu ya nyeupe ukikimbiza kipandio cha 7.

Ngazi ya kwanza, ya nyeusi ya mfupa na nyeupe peke yake, ilitoka na bluu. Si kosa la mchanganyiko, ndiyo tabia ya nyeusi hiyo ikikutana na titani. Ngazi ya pili ilitengenezwa kwa nyeusi iliyochanganywa kwanza na amba mbichi, sehemu 3 kwa 1. Hii ni vuguvugu, yaani inaelekea kahawia, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya picha. Ngazi ya tatu haina nyeusi ndani yake: ultramarini na siena ya kuchoma, karibu sawa kwa sawa, zikasogezwa huku na huku hadi pasionekane bluu wala kahawia. Kijivu hiki cha tatu kina uhai usioelezeka kwa maneno. Kiweke kando ya kile cha kwanza chenye kipandio kilekile na utaona kimoja ni ukuta, kingine ni hewa.

Jumla kadi 27. Nyuma ya kila moja pameandikwa mchanganyiko kwa penseli. Usiandike kwa kalamu ya wino. Mafuta yatapenya na maandishi yataenea.

Onyo kuhusu taa. Kadi 4 za mwanzo zilichanganywa jioni chini ya balbu ya manjano, asubuhi zikaonekana bluu waziwazi. Mwanga wa manjano hudanganya jicho, nalo hujibu kwa kuomba rangi baridi zaidi. Zilitupwa. Tangu hapo, ni mwanga wa dirisha, au balbu nyeupe ya kelvini 5000 yenye uwezo mzuri wa kuonyesha rangi.

Siku ya 4: rangi ya msingi

Kanvasi nyeupe ni adui wa picha ya kijivu, kwa sababu kila kijivu kitaonekana cheusi juu yake na utachanganya vyeupe mno. Imepakwa amba mbichi na nyeupe kidogo, imelainishwa kwa tapentaini tupu bila mafuta, kisha ikafutwa kwa kitambaa hadi kufikia kipandio cha 6. Amba ina manganizi inayoharakisha kukauka, kwa hiyo safu hii ilikuwa tayari baada ya siku 2. Pwani wakati wa masika, ongeza siku moja.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni. Mafuta hayo yanapokunywa oksijeni hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila moto wowote. Vyetu vinawekwa kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Hili si jambo la kubahatisha.

Siku ya 6: mchoro

Miraba ya sentimita 5 inaingia sawasawa kwenye kanvasi hii: 12 kwa 7, jumla 84. Picha ya rejea ya kuchapishwa ilipigwa miraba 12 kwa 7 vilevile. Mchoro kwa mkaa mwembamba, mistari tu, bila kivuli.

Vitu vitatu vilipimwa mara mbili kwa uzi wenye timazi: mahali wima wa pua unapokutana na ufunguo wa kola, upana wa ukingo wa kofia ukilinganishwa na upana wa mabega, na kimo cha mstari wa magofu nyuma. Huo wa tatu unasahaulika sana. Ukipanda kwa sentimita 1, mtu anazama. Ukishuka, anageuka mnara. Mwili wenyewe umesimama kwa utulivu, hauna mkao wa kuigiza, hivyo uzito wote wa picha unategemea vimo hivi.

Mkaa uliozidi ulipanguswa kwa kitambaa kikavu, na mistari iliyobaki ikarudiwa kwa brashi nyembamba yenye amba na tapentaini. Mkaa ukiachwa, safu ya kwanza ya rangi itauinua na kuuchanganya, na kijivu safi kitageuka masizi.

Siku ya 7: safu ya chini

Safu moja nyembamba kwa vijivu 3 tu kutoka ngazi ya pili: cha 2 kwa kofia na koti, cha 5 kwa nyuma yote na kivuli cha uso, cha 8 kwa shati na upande wa uso ulio na mwanga. Rangi imelainishwa kwa tapentaini. Hakuna jicho, hakuna kidole, hakuna kifungo. Ukisimama hatua 4 nyuma na kufinya macho, picha inapaswa kujulikana tayari. Isipojulikana, hakuna undani utakaoiokoa.

Picha ya simu iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe ilitumika kukagua. Simu hujirekebisha mwanga yenyewe, hivyo kadi ya 2, ya 5 na ya 8 ziliegemezwa kando ya kanvasi ndani ya fremu ileile ya kamera. Bila kadi hizo ukaguzi wa simu hauna thamani. Ulionyesha koti upande wa chini limepanda hadi karibu na cha 3, likarekebishwa hapohapo.

Siku ya 11: anga na magofu

Mchanganyiko wa nyuma ulitengenezwa wote kwa mara moja, mililita 20 hivi, yaani vijiko 4 vya chai. Kupata tena kijivu kilekile kesho yake ni kazi ngumu kuliko kuchora. Kilichobaki kilifunikwa kwa nailoni juu ya sahani na kuwekwa ndani ya friza, ambako ukaukaji unapungua sana.

Anga imetoka ngazi ya tatu, ile isiyo na nyeusi, vipandio vya 5 na 6. Magofu yametoka ngazi ya pili, kipandio cha 5 na nusu. Angalia jinsi tofauti ilivyo ndogo: majengo hayatenganishwi na anga kwa giza, yanatenganishwa kwa uvuguvugu. Jaribio la kwanza lilikuwa na magofu ya kipandio cha 4, na mara moja yakaanza kusimulia hadithi yao wenyewe, jicho likawa linahesabu madirisha. Yalikwanguliwa kwa kisu cha rangi na kupakwa upya. Katika picha hii jengo ni kumbukumbu ya jengo. Likipata kona kali limeharibu kazi.

Mafuta ya kitani yalianza kutumika hapa, matone machache: sehemu 1 ya mafuta kwa 3 za tapentaini. Safu zitakazofuata zitaongezewa mafuta, kamwe zisipunguzwe. Safu kavu juu ya safu yenye mafuta mengi itakauka kwanza wakati ya chini bado inatembea, na nyufa zitafuata.

Aliyezoea rangi za kung'aa za madukani, za aina wanayotumia wachoraji wa Tingatinga, ajiandae kwa subira nyingine kabisa. Zile hushika kwa usiku mmoja. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Hukauka kwa kunywa hewa polepole, na nyeusi ya mfupa ni mvivu kuliko zote.

Siku ya 15: kofia na koti

Nyeusi ya tyubu peke yake hutoboa shimo kwenye picha. Hilo lilijaribiwa kwenye kadi pembeni ili lionekane kwa macho, na ni kweli: mahali pake jicho linaanguka ndani. Nyeusi ya koti imechanganywa kwa nyeusi ya mfupa sehemu 4, siena ya kuchoma 1, ultramarini nusu. Ni nyeusi yenye damu ndani. Ya kofia ina ultramarini zaidi na siena kidogo, kwa hiyo kofia ni baridi na koti ni vuguvugu, ingawa ukimwuliza mtu yeyote atasema vyote ni vyeusi tu. Hapo ndipo ustadi wa picha hizi ulipo: nyeusi mbili zinazosemezana bila mtazamaji kujua anachosikia.

Kipandio cha 1 kimetunzwa kwa mahali pamoja, chini ya ukingo wa kofia pale unapokutana na nywele. Kwingineko hakuna kilicho cheusi kiasi hicho.

Kingo. Kofia dhidi ya anga iliachwa kali, ikaonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Dawa yake: rangi ikiwa bado mbichi, brashi laini kavu ilipitishwa mara moja tu juu ya kingo upande wa kivuli, huku upande wa mwanga ukiachwa. Ukipitisha mara tatu, kofia inageuka manyoya. Chini, mahali koti linapokutana na sehemu ya giza ya nyuma, kingo ilipotezwa kabisa kwa sentimita 6 hivi. Mtazamaji atalimaliza koti mwenyewe.

Siku ya 19: nyeusi imezama

Kama ilivyotarajiwa, koti limepauka. Sehemu zenye nyeusi nyingi zimekuwa kama vumbi, na kipandio cha 2 kinasomeka kama cha 3. Rangi haijabadilika, mafuta yake yamenyonywa na safu ya chini, na uso uliokauka hivyo hutawanya mwanga. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana anayechora uso kando ya koti lililozama atalinganisha na nyeusi ya uongo na kuupa uso mwanga usiotosha.

Koti lilipoguswa na halikuacha rangi kidoleni, lilipakwa mchanganyiko wa mafuta ya kitani na tapentaini sawa kwa sawa, kwa kitambaa laini, likasubiriwa dakika 10, kisha likafutwa hadi likabaki na unyevu tu. Nyeusi ilirudi. Yanayobaki yakiwa mengi yatageuka manjano baada ya miaka, hivyo kufuta ni muhimu kuliko kupaka.

Siku ya 20 hadi ya 24: uso

Uso wote, ukiacha mboni za macho, umekaa kati ya kipandio cha 4 na cha 8. Nyama yake imechanganywa kwa nyeupe, oka ya njano kidogo sana, nyekundu ya udongo kidogo kuliko oka, na kijivu cha ngazi ya pili. Kipimo cha kuanzia kilikuwa nyeupe 12, oka 1, nyekundu ya udongo nusu, kijivu cha 5 sehemu 3. Kwenye paleti rangi hiyo inaonekana ya maiti. Ikiwekwa katikati ya anga baridi na koti jeusi inakuwa ngozi hai. Usiihukumu kabla ya kuiweka mahali pake.

Mtego mkubwa ulikuwa kwenye kivuli cha shavu. Oka ya njano ikikutana na nyeusi huzaa kijani cha zeituni, kwa sababu nyeusi ya mfupa hutenda kama bluu hafifu. Siku ya 20 shavu la upande wa kivuli lilitoka na ukungu wa kijani kibichi. Halikufunikwa kwa rangi nene. Lilikwanguliwa, na mchanganyiko ukaongezewa nyekundu ya udongo, kiasi cha ncha ya kisu, hadi kijani kikafa na kuacha kijivu chenye haya. Mahali penye kivuli kizito zaidi oka iliondolewa kabisa, ikatumika siena.

Macho yalirudiwa mara 3. Mkono unataka kupaka weupe wa jicho uwe mweupe, kwa vile unajua ni mweupe. Chini ya ukingo ule haupiti kipandio cha 4. Katika jaribio la kwanza ulikuwa cha 6 na kivuli chote kikavunjika, kofia ikawa kama imeelea juu ya kichwa. Jaribio la pili lilikuwa cha 3 na mtazamo ukatoweka, akawa mtu aliyefumba macho. La tatu: weupe cha 4, mboni cha 2, na nukta ya mwanga cha 5, ndogo kuliko kichwa cha pini, kwenye jicho moja tu. Ndani ya upana wa vipandio 3 kuna mtu mzima anayekutazama.

Midomo ilipakwa siku ya 24. Nyekundu ya udongo na nyeupe, ikazimwa kwa kijivu cha 5 hadi ikasogelea ngozi. Mstari kati ya midomo ni amba na siena, hauna nyeusi.

Siku ya 27: shati na glavu

Shati lilikwenda haraka. Nyeupe ya titani tupu haikutumika popote; kilele ni nyeupe yenye chembe ya oka na kijivu, kipandio cha 8 na nusu, kwenye mkunjo mmoja wa kola. Vivuli vyake ni baridi, cha 6 na cha 7 kutoka ngazi ya kwanza, na hapo ndipo ile ngazi ya bluu iliyoonekana kushindwa siku ya 2 ilipopata kazi yake.

Glavu ni kipandio cha 5 vuguvugu. Tatizo lake ni kwamba iko karibu na anga kwa kipandio, hivyo inategemea koti lililo nyuma yake iweze kuonekana. Vidole vilichorwa kama umbo moja kwanza, kisha vikatenganishwa kwa mistari 3 mifupi. Ukianza kidole kimojakimoja utapata mkungu wa ndizi.

Siku ya 33: utepe

Picha ilisubiri siku 6 bila kuguswa, ikiwa imegeuzwa ukutani ili jicho lisahau.

Kwenye nakala hii utepe una upana wa milimita chache tu. Nyekundu ya kadmiamu tupu ilijaribiwa kwanza juu ya kipande cha nailoni angavu kilichoegemezwa kwenye koti, na ilipiga kelele. Uso ukapotea, likabaki doa. Sababu ni kijivu chenyewe. Nyekundu iliyozungukwa na vijivu huonekana kali maradufu, nayo huvisukuma vijivu vya jirani vionekane na ukijani. Nukta ya pili ilikuwa nyekundu ya udongo tupu: ikawa kahawia, kama kovu. Iliyokubalika ni kadmiamu sehemu 3, nyekundu ya udongo 2 na nyeusi ya koti nusu. Nailoni iliondolewa, rangi ikawekwa kwa mguso mmoja wa brashi namba 2, bila kurudia.

Baada ya hapo midomo ilionekana imepauka. Ilipewa utando mwembamba sana wa mchanganyiko uleule wa utepe uliolainishwa kwa mafuta, ili wekundu huo wa pili uwe ndugu wa wa kwanza. Hilo halikuwa kwenye mpango, lakini kabla ya utepe kuwekwa hapakuwa na njia ya kulijua.

Ukaguzi wa mwisho wa simu, na kadi kando: koti 2, anga 5 na nusu, uso wenye mwanga 7 na nusu, shati 8 na nusu. Utepe, ukigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, umepotea kabisa ndani ya kola. Kwa giza na mwanga uko sawa na koti. Unaishi kwa rangi peke yake.

Siku ya 60

Imekauka kwa kuguswa kila mahali isipokuwa kofia, ambayo bado inanata karibu na ukingo. Koti limezama tena kidogo upande wa bega. Halitapakwa mafuta mara ya pili, vanishi itasawazisha. Vanishi yenyewe itasubiri miezi 6 au zaidi, kulingana na kofia, na itakuwa ya mng'ao wa kati. Ya kung'aa sana itageuza nyeusi kuwa kioo na kuleta dirisha la chumba ndani ya picha. Ya kufifisha kabisa itaweka ukungu juu ya vipandio vya 1 na 2 na kuvifanya kimoja.

Nyuma ya kanvasi pameandikwa: nakala ya mazoezi kutoka kwa Romaine Brooks, 1923, ukubwa umepunguzwa hadi asilimia 51, orodha ya rangi 8, na tarehe ya kila safu. Kadi 27 zimefungwa kwa uzi kwenye bahasha na kupigiliwa kwenye mbao ya ndani ya fremu, pamoja na kipande cha nailoni chenye nyekundu mbili zilizokataliwa.